Mshono huru kwenye mfarishi: dalili, chanzo na tiba

Katika mshono wa kawaida meno ya cherehani ndiyo yanayosukuma kitambaa, na urefu wa mshono unauweka kwa namba. Katika mshono huru meno yameshushwa au yamefunikwa, na mikono yako ndiyo inayosogeza matabaka matatu ya mfarishi: uso, tabaka la kati na mgongo. Urefu wa mshono unategemea mambo mawili tu, kasi ya sindano na kasi ya mikono. Asiyelielewa hili hukimbilia skrubu ya mkazo wa uzi kila mshono unapoharibika. Anaikaza leo, anailegeza kesho, na mwishowe cherehani iliyokuwa nzima inashindwa hata kushona pindo la sketi.

Mafundi wa darizi wa Arusha na Moshi, wale wanaotariza mashuka na vitambaa vya makochi kwa cherehani nyeusi za kukanyaga, wanafanya mshono huru kila siku. Kitu kinachobadilika kwenye mfarishi ni unene na uzito. Fremu ya darizi inabana kitambaa kimoja chepesi kikakaza kabisa. Mfarishi haubanwi hivyo. Una tabaka la kati linalobonyea, una mgongo usiouona unaposhona, na ukiwa wa kitanda cha futi tano kwa sita unaning'inia pande zote za meza. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanatokana na hilo.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, fuata mpangilio huu: weka sindano mpya, tunga uzi upya mguu wa cherehani ukiwa juu, toa bobini uirudishe, safisha vumbi chini ya bamba la sindano, hakikisha wenzo wa mguu umeshuka, kisha shona kwenye kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwa 30. Kipande hicho kiwe cha vitambaa vilevile na tabaka la kati lilelile. Kujaribia kwenye kitenge kitupu hakukuambii chochote kuhusu mfarishi.

Fundo la nyuzi mgongoni mara tu unapoanza

Unageuza kazi na kukuta rundo la uzi chini, huku cherehani imekaza haizunguki. Rundo liko chini lakini kosa liko juu. Mara nyingi wenzo wa mguu haujashushwa. Mguu wa darizi, ule wa mshono huru, haukandamizi kitambaa, unaelea juu yake, kwa hiyo kwa macho ni vigumu kuona kama umeshushwa au la. Wenzo ukiwa juu, visahani vinavyokaza uzi vinaachia, uzi wa juu unakosa kizuizi, na ndoano, ile inayookota uzi chini ya bamba, inauvuta chini kadiri inavyotaka.

Kama wenzo umeshuka, angalia mikia ya uzi. Anza hivi kila mara: shusha sindano mara moja kwa gurudumu la mkono, ipandishe, vuta uzi wa juu ili kitanzi cha uzi wa bobini kije juu ya uso, shika nyuzi zote mbili kwa vidole, kisha piga mishono minne au mitano midogo sana papo hapo ndipo uanze kusafiri. Mikia ikatwe baada ya kusogea kama upana wa kiganja, kabla haijashonewa ndani.

Kwa cherehani ya kukanyaga kuna chanzo kingine: gurudumu limerudi nyuma. Linatakiwa kuzunguka kuja kwako. Likirudi nyuma hata nusu mzunguko, uzi unajisokota kwenye ndoano. Anayeanza afanye mazoezi ya kukanyaga bila uzi mpaka aweze kuanza na kusimama bila gurudumu kurudi. Mkanda wa ngozi ukiwa umelegea utateleza, na hapo hutaweza kusimama unapotaka. Ukate kidogo, kama sentimita moja, uunganishe tena kwa pini yake ya chuma.

Vitanzi vidogo mgongoni, kwenye mapinda tu

Hii ndiyo dalili inayowasumbua watu wengi kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Mistari iliyonyooka ni mizuri juu na chini, lakini kila ulipokata kona kuna vitanzi vya uzi wa juu vimejipanga mgongoni kwenye ukingo wa pinda.

Mkazo ungekuwa ndio tatizo, mistari iliyonyooka nayo ingeharibika. Kilichotokea ni kwamba mikono iliharakisha kwenye pinda na mguu wako haukuongeza kasi ya cherehani. Mishono ikawa mirefu, uzi wa bobini ukakata njia ya mkato upande wa ndani wa pinda, ukauvuta uzi wa juu chini. Ni kawaida ya mkono: ukikaribia kona, unarusha kitambaa ili uimalize. Dawa yake ni kufanya kinyume. Kasi ya sindano ibaki ileile, mikono ipunguze kidogo unapoingia kwenye pinda na irudie mwendo wake unapotoka.

Ukishahakikisha mikono imetulia na bado kuna vitanzi viwili vitatu, hapo ongeza mkazo wa juu kwa nusu namba.

Uzi mmoja umelala mnyoofu na mwingine unauzunguka

Hapa sasa ni suala la mkazo kweli. Weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, ushone mstari na konokono mmoja, yaani mstari wa kujizungusha, kwenye kipande cha majaribio. Ukiona vidoti vyeupe juu na uzi mwekundu umelala kama waya, mkazo wa juu ni mkali, legeza. Ukiona mwekundu umechungulia mgongoni na mweupe umelala mnyoofu, mkazo wa juu ni mdogo au wa chini ni mkali.

Anza na wa juu, nusu namba kwa mara moja, na ushone kila baada ya kugeuza. Mshono huru kwa kawaida unahitaji mkazo wa juu mdogo kidogo kuliko wa kushonea nguo, maana uzi unavutwa pande zote.

Ukilazimika kugusa kikopo cha bobini, kwanza pitisha ncha ya karatasi ngumu chini ya kile kibati chake kidogo. Uchafu kiasi cha punje ya mchanga ukikaa hapo, mkazo unapotea kabisa, na hakuna skrubu itakayouponya. Kisha kining'inize kikopo kwa uzi wake. Kikishuka chenyewe hadi sakafuni kimelegea. Kisiposhuka hata ukikitikisa kimekaza. Kikishuka sentimita chache kwa kila mtikiso kisha kikasimama, kiache. Kabla ya kugeuza skrubu yake weka alama ya kalamu mahali ilipo, na ugeuze kidogo sana, kama mwendo wa mshale wa dakika kwa dakika tano.

Uzi wa juu unakatika

Angalia ulivyokatika. Ncha iliyochanguka kama brashi inasema uzi umesuguliwa: tundu la sindano ni dogo, sindano imechakaa, au kuna mkwaruzo kwenye bamba. Ncha iliyokatika safi inasema uzi umevutwa ghafla: koni imekwama, mkazo ni mkali, au mkono umeruka.

Uzi wa poliesta wa koni unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji unakwenda vizuri na sindano namba 14, yaani 90. Uzi mwembamba zaidi unakubali namba 11, na uzi mnene wa kuonekana unahitaji 16. Kuna jaribio rahisi: tunga sindano kwenye kipande cha uzi, kishike kwa mshazari, na sindano iteleze yenyewe kushuka. Ikikwama, tundu ni dogo.

Koni isimame wima nyuma ya cherehani, na uzi upande moja kwa moja hadi kwenye kiongozi kilicho juu yake kabla haujaingia kwenye cherehani. Koni iliyolazwa au iliyochomekwa kwenye kijiti kifupi cha juu inabana uzi chini ya kitako chake kila inapozunguka.

Kitenge kipya nacho kinahusika. Kimejaa dawa ya kukifanya kigumu, na kimefumwa kwa kubana. Sindano inapenya kwa shida, inapata moto, inashika utando. Kifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili ikibidi. Utakuwa umemaliza na kusinyaa kwake, na rangi itakayotoka imetoka kabla haijaingia kwenye kitambaa cheupe cha jirani.

Mishono inaruka

Sindano ikifika chini kabisa inaanza kupanda, na katika milimita mbili za mwanzo za kupanda uzi unatoa kitanzi kidogo nyuma ya sindano. Ndoano inapita hapo na kukiokota. Mfarishi ukinyanyuka pamoja na sindano, kitanzi hakifunguki, ndoano inapita patupu. Kwa hiyo mishono ikiruka, jiulize kwanza ni nini kimenyanyua kitambaa.

Mguu uko juu mno: sindano ikiwa chini, mguu unatakiwa uguse uso wa mfarishi, sindano ikiwa juu, ubaki na nafasi ya kama milimita moja tu. Fundi wa darizi anaweza kushona bila mguu wowote kwa sababu fremu imekaza kitambaa. Usimwige kwenye mfarishi. Bila mguu matabaka yananyanyuka kila sindano inapopanda, na vidole vyako viko karibu.

Sindano imepinda au imegeuzwa: upande bapa uelekee ndoano, na uzi uingie kutoka upande wenye mfereji mrefu. Sindano ifike juu kabisa kwenye tundu lake kabla ya kukaza skrubu. Pungufu ya milimita moja inatosha kuharibu kazi.

Na mahali maungio manne yanapokutana panakuwa na tabaka nyingi za kitambaa. Pasi mishono hiyo ifunguke pande mbili kabla ya kupanga mfarishi, au pitisha mchoro pembeni yake.

Sindano inavunjika

Karibu kila mara mkono umevuta wakati sindano imo ndani ya kitambaa. Sindano inapinda, inagonga bamba, inakatika. Ongeza kasi ya sindano kabla ya kuongeza kasi ya mkono. Tafuta vipande vyote, hata kile cha ncha, kabla ya kuendelea. Kipande kilichobaki ndani ya mfarishi kitamchoma mtoto. Kisha pitisha ukucha kuzunguka tundu la bamba. Ukihisi mkwaruzo, ulainishe kwa msasa mwembamba sana, la sivyo utarudi kwenye tatizo la uzi kukatika.

Mishono mikubwa hapa, midogo pale

Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande cha majaribio, ushone juu yake kwa mwendo wako wa kawaida, kisha hesabu. Mishono 35 hadi 40 ni mizuri, kila mmoja ukiwa karibu milimita mbili na nusu. Ikizidi 60, mikono inachelewa. Ikiwa chini ya 25, mikono inakimbia au unakanyaga polepole mno. Namba hii ina faida kuliko shauri la "tulia tu", kwa sababu inakuambia ni upande gani wa kurekebisha.

Anayeanza huogopa na kukanyaga kidogo kidogo. Kukanyaga kwa kusitasita ndiko kunakofanya mishono iwe vipande vipande. Chagua kasi ya kati, ishikilie bila kubadilika, na uiachie mikono kazi ya kufuata. Cherehani ya kukanyaga iliyozama kwenye meza yake ni nzuri sana kwa kazi hii, na kwa maoni yetu anayeanza asiiache kukimbilia ya umeme. Kitambaa kinalala sawa na meza, na umeme ukikatika au ukipungua nguvu jioni, kasi yake haibadiliki. Ya umeme ndogo inayokaa juu ya meza ina ngazi pembeni, na mfarishi unakwama kwenye ngazi hiyo. Ijengee meza ya ubao yenye urefu sawa na kitako chake.

Cherehani isiyo na kitufe cha kushusha meno: weka urefu wa mshono kwenye sifuri, kisha funika meno kwa kipande cha plastiki ngumu chenye tundu la sindano, ukibandike kwa utepe wa gundi wa karatasi.

Mapinda yana pembe badala ya kuwa duara

Ulisimama katikati ya pinda. Kila unaposimama na kuanza tena mkono unayumba kidogo, na kuyumba huko kunaonekana kama ukucha. Simama kwenye ncha, kwenye makutano, au pale mstari unapogusa mstari mwingine, na sindano iwe imezama ndani. Kwenye cherehani ya kukanyaga izamishe kwa gurudumu la mkono. Ukishasimama ndipo uhamishe mikono. Eneo unaloweza kulishona bila kuhamisha mikono ni mraba wa kama sentimita 15 kwa 15. Ukijaribu kulazimisha zaidi, kiwiko kinanyanyuka na mstari unapinda.

Tatizo jingine ni macho. Ukiitazama sindano, mkono unakwenda kwa mishtuko. Tazama mahali unapokwenda, sentimita mbili au tatu mbele.

Mfarishi mzito, hausogei

Uzito ulioning'inia unavuta kinyume na mkono wako, na mvuto huo unaleta dalili nusu ya zote tulizotaja. Sogeza meza nyingine kushoto na nyuma ya cherehani ili mfarishi wote uwe juu. Kunja vizuri sehemu usiyoishona ikae mapajani. Vaa glavu zenye vidoti vya mpira kwenye viganja. Bila kushika vizuri utakandamiza, na ukikandamiza mabega yatauma kabla ya saa moja.

Finyo mgongoni

Finyo hazitokei kwenye cherehani, zinatokea wakati wa kupanga. Mgongo ulazwe sakafuni au mezani, upande mzuri chini, ubandikwe kingo zote kwa utepe wa gundi wa karatasi ukiwa umenyooka bila kuvutwa. Ukivutwa, utarudi ukishabanduliwa na utafinyana. Tabaka la kati na mgongo vizidi uso kwa sentimita 8 hadi 10 kila upande. Funga kwa pini kila baada ya sentimita 10, au piga bandi kwa mkono kwa mistari ya msalaba kuanzia katikati. Kisha shona kwanza kwenye maungio makubwa kwa mshono wa kawaida, na ndipo uanze mshono huru, katikati kwenda nje. Ukishona pembeni kwanza unakifungia kitambaa kilicholegea katikati, na hakina pa kutokea.

Kwa tabaka la kati, blanketi jepesi la mtumba, kama yanayopatikana soko la Memorial pale Moshi, linatulia vizuri kwa sababu nyuzi zake zimefumwa. Pamba ya poliesta ya mafundi wa makochi ni ya joto, inafaa baridi ya Juni na Julai, lakini haijafumwa. Mistari ikiachana zaidi ya kiganja, itajikusanya mafungu ikifuliwa. Chagua nyembamba kuliko unayoipenda kwa macho.

Mchoro unakwama kwenye kona

Umejaza vizuri, ghafla umezungukwa na mistari yako mwenyewe na huna njia ya kutoka bila kukata uzi. Chanzo ni kuingia kwenye nafasi kabla ya kujua utatokea wapi. Ukiwa unashona mkondo, ule mstari unaopindapinda bila kujikata, acha kila mara mlango wenye upana sawa na nafasi ya mistari yako.

Zoezi lake ni la kalamu. Jaza ukurasa mzima wa daftari kwa mstari mmoja bila kunyanyua kalamu, kwa ukubwa uleule utakaoushona. Mkono uliozoea kuchora korosho za sentimita moja hautajua kushona za sentimita sita. Kwa mfarishi wenyewe, laza karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga juu yake na uchore hapo kuona njia itakavyokwenda. Bandika utepe wa rangi kwenye kingo zote za plastiki, maana kalamu ya wino ikiteleza nje hutaufuta wino kwenye kitambaa.

Ukishakwama tayari, rudi juu ya mstari uleule hadi kwenye makutano. Michoro inayoruhusu kurudi bila kuonekana ni mizuri kwa anayejifunza: majani, korosho, na kokoto, zile duara ndogo zilizobanana. Mkondo hauruhusu, ndiyo maana tunashangaa kuona ndio unaofundishwa kwanza.

Michoro yote inafanana

Hapa watu hutafuta michoro mipya wakati hata mmoja walionao hawajaumaliza. Chukua korosho, ile iliyoko kwenye khanga nyingi. Anzia chini, panda upande wa kushoto, zunguka kichwa, shuka kulia hadi ulipoanzia. Hiyo ni moja. Sasa kwa nafasi ya nusu sentimita, izunguke tena kwa nje hadi chini, na umepata mwangwi. Zunguka mara mbili na inakuwa nzito, inabeba macho. Mara nyingine ingia ndani uijaze kokoto, au mistari ya kwenda na kurudi. Ya jirani ianze kwa kuegemea ubavu wa ya kwanza, ikitazama upande mwingine. Halafu changanya ukubwa: moja ya sentimita 8, mbili za 5, na vipande vilivyobaki vijazwe na konokono. Umbo ni lile lile, lakini ukubwa, uelekeo, mwangwi, kilichomo ndani na kinachoyaunganisha vimebadilika, na hakuna atakayesema umerudia.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja kwenye kipande cha majaribio. Ukibadilisha yote pamoja hutajua lipi limeleta uzuri na lipi limevuruga.

Maumbo yako nje ya mlango. Mkahawa hutoa majani mawili mawili yakitazamana kwenye kila kifundo, na matunda yake hujikusanya hapohapo. Kwa uzi mmoja: panda na shina, ukifika kifundo toka kulia, chora jani lenye ncha ndefu na kingo za mawimbi, rudi kifundoni, toka kushoto, fanya vilevile, zungusha duara tatu ndogo, endelea na shina. Hakuna mahali unapokata uzi. Jani la mgomba ni rahisi zaidi: uti mmoja wa kati, kisha mistari sambamba ya kwenda na kurudi kutoka kwenye uti. Upepo huwa umelichana, na kila mpasuko ni nafasi yako ya kurudi kwenye uti bila mtu kuhisi umerudi.

Anayesema hajui kuchora aanze na khanga nzima kama uso wa mfarishi. Mistari imeshachapwa. Fuata maua ya mji, ile sehemu ya kati, kwa kuyazunguka, kisha pindo, na uliache jina bila mshono mzito juu yake ili lisomeke. Mstari mmoja kuzunguka fremu ya maandishi unatosha. Shuka la Kimaasai nalo linakupa miraba tayari. Pita kwenye mstari wa mraba kwa upinde unaokwenda juu, mraba unaofuata chini, hadi mwisho wa safu. Rudi ukifanya kinyume chake. Ukimaliza safu za kwenda chini na za kukatisha, kila mraba umezungukwa na petali nne. Mashuka mengi ni ya akriliki, kwa hiyo jaribu pasi kwenye pindo kabla haijayeyusha katikati.

Mfarishi umekuwa mgumu, au kingo zina mawimbi

Ugumu unatokana na mistari iliyokaribiana mno. Mfarishi wa kulalia unataka nafasi ya sentimita 2 hadi 3. Chini ya sentimita moja uache kwa picha ya ukutani au kwa sehemu ndogo unazotaka zizame ili umbo la jirani liinuke. Mawimbi ya kingoni yanatokana na msongamano usiolingana: kila mstari unakunja kitambaa kidogo, hivyo katikati iliyojaa inasinyaa na kingo zilizoachwa zinabaki na upana wake. Jaza kingo kwa kiasi kinachokaribiana na cha katikati. Hili likagulie kwa kutandaza mfarishi sakafuni kila ukimaliza sehemu, kabla ya kukata pembe na kushona utepe wa ukingo.

Unahitaji kufumua

Usivute kutoka juu. Geuza mgongo, kata uzi wa bobini kila baada ya mishono minne au mitano kwa wembe wa kufumulia, geuza tena, na uzi wa juu utatoka mzima ukiuvuta polepole. Matundu yaliyobaki kwenye kitambaa cha pamba yanazibika ukinyunyizia maji na kusugua kwa ukucha pande mbili. Anza kushona upya sentimita mbili kabla ya pale ulipofumua, juu ya mshono mzuri wa zamani, ili miisho yote miwili ikazwe pamoja.